Mdhibiti Aliyerudi bila Fomu

Asmahani binti Twalibu hakuwa mtu wa kutulia. Akiongea na simu alitembea. Akisoma ripoti alisimama dirishani, akakaa, akasimama tena. Wenzake katika ofisi ya udhibiti ubora wa shule walimtania kwamba kiti chake kitadumu mpaka wajukuu wao waje wakikalie. Yeye alicheka nao, lakini hakukaa.

Alizaliwa Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa baba mshona kanzu na mama wa nyumbani. Nyumbani kwao kilisemwa Kiswahili tu, kile cha Tabora kilichonyooka, na tangu utoto alisahihisha watu. Shangazi akisema "kale katoto", yeye alisema "yule mtoto". Alipokuwa mwalimu, wanafunzi wake walifaulu Kiswahili kuliko somo jingine lolote. Kwa hiyo alipoitwa kwenye udhibiti, kazi ambayo wazee bado wanaiita ukaguzi, hakuna aliyeshangaa. Alipangiwa wilaya ya Igunga. Siku za kazi alikaa huko katika chumba cha kupanga, na mwisho wa wiki, akipata nafasi, alipanda basi kwenda kumwona mama yake. Baba alikuwa ameshafariki.

Jumatano moja ya mwezi wa tatu alifika Shule ya Msingi Mwanhegele, upande wa Choma, shule ya nne kati ya tano za wiki hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na mkononi alikuwa na kishikwambi chenye fomu ya tathmini ya mwalimu darasani. Fomu ilikuwa na vipengele kumi na viwili, kila kimoja alama moja hadi nne. Mwalimu Mkuu, Silasi, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikakata, alimpeleka darasa la kwanza.

"Mwalimu Levina ndiye tegemeo letu," alisema mlangoni. "Wote hawa wanapitia mikononi mwake."

Watoto walikuwa mia moja na kumi na wanane. Asmahani aliwahesabu mara mbili. Wengine walikaa kwenye madawati wanne wanne, waliobaki walikaa sakafuni. Mbele alisimama mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mnene, mwenye kitambaa kichwani na chaki nyuma ya sikio.

"Shikamoo, Mwalimu," Asmahani alisema.

"Marahaba. Karibu, Madam. Kaa pale nyuma, wakuone halafu wakusahau."

Asmahani alikaa, akaweka simu yake kwenye ukingo wa dirisha irekodi sauti, kama alivyozoea, ili imsaidie kuandika maelezo baadaye. Mwalimu Levina aliinua kikombe cha maji. Akaanza kusema, na Asmahani hakuelewa hata neno moja.

Kilikuwa Kisukuma. Mwalimu alisema, watoto wakajibu kwa kishindo. Akasema tena, wakacheka. Akafunga midomo, wote wakafunga midomo. Akaandika herufi m ubaoni, akaonyesha kikombe. "Minzi," wakasema watoto. Akaonyesha tena. "Maji," akasema yeye, nao wakafuata. Kisha picha ya mbuzi: "Mbuli. Mbuzi." Hadi Kiswahili kilipoanza kusikika sawasawa, saa ya Asmahani ilionyesha dakika kumi na nne zimepita.

Kipengele cha saba kiliuliza kama mwalimu anatumia lugha rasmi ya kufundishia wakati wote wa somo. Asmahani akaweka moja. Vipengele viwili vilivyofuata, vya mawasiliano na ushirikishaji, hakuwa na namna ya kuvipima bila kujua kilichosemwa. Akaweka mbili na mbili.

Baada ya somo walikaa ofisini kwa Mwalimu Mkuu kupeana mrejesho. Asmahani alieleza kwa upole na kwa mpangilio. Mwalimu Levina alisikiliza, mikono mapajani, chaki bado sikioni.

"Nimekuelewa, Madam," alisema. "Ila nina swali. Umewasikiliza wakisoma?"

"Bado ni mwezi wa tatu, Mwalimu."

"Wapo wanaosoma silabi tayari. Ungemwita hata mmoja, yeyote, ukamwekea neno ubaoni."

Nje dereva alipiga honi. Shule ya tano ilikuwa kilomita ishirini na mbili mbele, na wingu lilikuwa limeshaanza kukaa vibaya juu ya mbuga. Udongo ule mweusi ukishalowa, gari halitoki.

"Nitakuja siku nyingine," Asmahani alisema.

Mwalimu Levina alimtazama kidogo, kisha akaweka sahihi. Chini ya sahihi, kwenye sehemu ya makubaliano, Asmahani alikuwa ameandika: *Mwalimu atumie lugha ya kufundishia wakati wote.* Ijumaa saa nne asubuhi alituma fomu zote tano kwenye mfumo, akapanda basi la Tabora. Njia nzima alibadilisha mkao. Swali la yule mama lilimkaa kama punje ya mchanga ndani ya kiatu, si ya kuumiza, ila huwezi kutembea ukaisahau.

Jumamosi asubuhi mama yake, Mwanahawa, alikuwa uani amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Asmahani alizunguka ua huku simu ikicheza ile rekodi, kwa sababu maelezo ya Mwanhegele hayakuwa yamekamilika na alitaka kupata dakika kamili ambapo Kiswahili kilianza. Alikuwa amefika karibu na mlango wa jiko alipomsikia mama yake akijibu. Hakuwa akimjibu yeye, alikuwa akijibu simu. Watoto walisema neno kwa pamoja, na mama akalisema nao, mikono bado kwenye ungo.

Asmahani akasimama. "Mama, umesema nini?"

"Si huyo mwalimu kauliza?"

"Unakijua Kisukuma?"

"Hicho na Kinyamwezi ni ndugu, ukijua kimoja hulali njaa kwenye kingine." Mama alipuliza makapi. "Mimi nililelewa Kwihara kwa bibi yangu, hujui? Nililetwa mjini nina miaka tisa."

Kwihara Asmahani aliijua. Walipelekwa huko na shule kutazama lile tembe la kale alimoishi mzungu mpelelezi, wakala miwa, wakarudi. Kwamba mama yake aliwahi kuwa mtoto wa huko, akichunga mbuzi na kusema lugha nyingine, aliwahi kuambiwa labda mara moja, akiwa na mambo mengine kichwani.

"Anasema nini huyo mwalimu?"

Mama alitega sikio, akaanza kucheka. "Anawaambia, fungeni midomo kama mtu aliyenyimwa ugali. Haya, sasa ugali umeletwa, fungueni. Mmm... a. Ndiyo 'ma' hiyo. Anamuuliza mmoja, wewe mbona umefungua kabla ugali haujaiva?" Akasikiliza tena. "Sasa anawaambia kikombe hiki nyumbani kina jina moja, shuleni kina majina mawili, mtu mwenye majina mawili hapotei. Mwalimu kweli huyo. Yuko wapi?"

Asmahani alikaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo mama yake aliliona.

"Kuna nini?"

"Nimempa moja, Mama. Kati ya nne. Kwa sababu hakusema Kiswahili."

Mama alirudi kwenye mchele. "Mimi waliponileta mjini," alisema, "nilikaa darasani mwaka mzima sijafungua mdomo. Mwalimu alimwambia baba yangu mdogo kwamba mtoto huyu ni bubu, mpelekeni hospitali. Nikapelekwa Kitete, daktari akanichungulia kooni. Kooni hakukuwa na kitu. Nilikuwa sijui wanasema nini, nijibu nini. Mpaka leo nikiandika barua naona haya."

"Mbona hukuwahi kutuambia? Mbona hata neno moja la Kinyamwezi hukutufundisha?"

"Nilitaka msichekwe," mama alisema. "Na hamkuchekwa."

Jumatatu Asmahani alikuwa mlangoni kwa mkuu wake, Bwana Revocatus, kabla hajatoa funguo mfukoni. Revocatus alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na kila mara aliyapima maneno yake.

"Naomba fomu moja ifunguliwe. Ya Mwanhegele. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Alisema Kiswahili?"

"Hapana. Lakini mwongozo unapima asichokifanya. Anachofanya haukiulizi. Wale watoto hawajui Kiswahili, mzee. Anawavusha."

"Kipengele kinasema lugha rasmi. Alitumia?"

"Hakutumia dakika kumi na nne."

"Basi hukukosea." Revocatus alivua miwani. "Asmahani, nikiomba wafungue moja, wataniuliza nyingine mia mbili zilijazwaje. Na mimi nina mtu anayenipima juu. Unafikiri mimi napimwa kwa nini? Kwa idadi ya fomu zilizokamilika. Kama unayo hoja, andika."

Aliandika kurasa mbili. Alizisoma akiwa amesimama, akazirekebisha, akaziwasilisha. Wiki ikapita, na nyingine. Kila akiuliza, barua ilikuwa inashughulikiwa. Aliomba arudi Mwanhegele, akaambiwa gari halina ratiba ya upande huo mpaka mwezi wa tisa. Usiku alilala vizuri tu, ila mchana hakuweza kumaliza sahani ya chakula. Alianza kula akitembea. Mwenzake mmoja, Adelina, alimwambia, "Dada, umeshaandika, imetosha. Alama ni alama." Asmahani alisema ndiyo, na kesho yake akaomba ruhusa ya siku moja, akakodi bodaboda kwenda Choma katikati ya masika, magauni mawili ndani ya mfuko kwa ajili ya tope.

Alifika na la kwanza likiwa limeshahitajika. Mwalimu Silasi alishtuka kumwona. "Hatukupata taarifa, Madam."

"Sikuja kikazi. Naomba nimwone Mwalimu Levina."

Mlango wa darasa la kwanza ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza alichokigundua kilikuwa ukimya. Watoto mia moja na kumi na wanane, na unasikia chaki ikigusa ubao. Mwalimu Levina alikuwa anafundisha herufi k, kwa Kiswahili safi, polepole, kila neno limetamkwa mpaka mwisho. "Hiki ni kiti. Kiti kina miguu mingapi?" Watoto walimtazama. Watatu au wanne waliokuwa karibu walisema kitu. Waliokaa sakafuni waliangalia nzi. Ukutani, pembeni mwa ubao, kilibandikwa kipande cha karatasi chenye maneno Asmahani aliyoyatambua kabla hajayasoma, kwa sababu yalikuwa yake: *wakati wote*.

Mwalimu Levina alimwona mlangoni. Uso wake haukubadilika, ila sauti ilipanda kidogo, kama mtu anayesoma risala.

Hapo msichana mmoja mdogo wa safu ya pili akasimama, akasema jambo kwa Kisukuma, haraka haraka.

Mwalimu alimtazama yeye, kisha akamtazama Asmahani. "Sema kwa Kiswahili," alimwambia mtoto.

Mtoto alisema tena lilelile, sasa kwa sauti ndogo.

"Kwa Kiswahili, Shija. Tulijifunza. Naomba..."

Shija alifungua mdomo, akaufunga. Alisimama wima, mikono imebana sketi, na maji yakaanza kutiririka miguuni mwake mpaka sakafuni. Waliokaa chini walisogea. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu Levina alidondosha chaki. Alimchukua mtoto begani, akapita mlangoni karibu sana na Asmahani bila kumsemesha, akaenda naye nyuma ya darasa penye pipa la maji. Asmahani alibaki na watoto. Alichukua dekio lililokuwa kwenye kona, akapiga magoti, akafuta. Alitoa gauni la pili kwenye mfuko, halikumfaa mtoto, lakini aliligawa katikati kwa meno na mikono na akalipeleka nje liwe kanga ya kumfunga. Mwalimu alilipokea. Walimfunga mtoto pamoja, wakamketisha kivulini chini ya mti.

"Leo una fomu?" Mwalimu Levina aliuliza.

"Sina."

"Basi wewe ni mgeni. Mgeni naweza kumwambia." Alijifuta mikono. "Miaka ishirini na sita nafundisha darasa la kwanza. Hakuna anayelitaka darasa hili, wote wanataka la saba wapate sifa. Miaka sita sijapanda daraja. Mwaka huu Mwalimu Mkuu aliniambia, Levina, sasa ni wewe. Ukaja wewe na moja yako. Sikukasirika. Nilisema, haya, wakubwa wanajua. Nikafuata maelekezo. Umeona yalivyo?"

"Nimeona."

"Nikisema Kisukuma wanasoma, mimi nafeli. Nikisema Kiswahili nafaulu, wao wanakuwa mawe. Sasa wewe uliyesoma, niambie nishike lipi. Lakini usiniambie hapa mtini. Kaandike, uweke jina lako, ili siku akija mwingine nimwonyeshe."

Asmahani alisema, "Samahani, Mwalimu."

"Samahani nimeisikia. Nimekuomba maandishi."

Kila shule ina kitabu ambacho wakaguzi huandika humo maelekezo yao, na kurasa zake zina namba, hazichanwi. Asmahani alikiomba ofisini. Mwalimu Silasi alikitoa kabatini, akakishika kidogo kabla ya kumpa.

"Madam, kinachoingia humu hakifutiki."

"Najua, Mwalimu."

Aliandika kwamba tarehe fulani alimtathmini Mwalimu Levina Mathias bila kuelewa lugha aliyotumia na bila kumsikiliza mtoto hata mmoja akisoma, na kwamba tathmini ya vipengele vitatu haikuwa ya haki. Akaandika kwamba watoto wasiojua Kiswahili waelekezwe kwanza kwa lugha wanayoielewa, kisha wavushwe, na kwamba ombi la kwenda chooni lipokelewe kwa lugha yoyote. Aliandika jina kamili, cheo na namba ya utumishi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, alikuwa amekaa kwenye kiti robo saa nzima.

Habari ilifika Igunga kabla yake. Revocatus alimwita. Hakufoka, na angefoka ingekuwa nafuu.

"Ulikuwa likizo. Mtu aliye likizo haandiki kwenye kitabu cha shule."

"Ndiyo, mzee."

"Na umeandika kwamba ofisi hii haikutenda haki."

"Nimeandika kwamba mimi sikutenda."

Alipewa barua ya kujieleza, akajieleza. Katika tathmini yake mwenyewe ya nusu mwaka, kwenye kipengele cha kuzingatia miongozo, Revocatus alimwekea moja. Asmahani aliitazama ile tarakimu kwa muda mrefu. Alijaribu kuichukulia kama heshima, haikuchukulika hivyo. Iliuma. Alijua sasa kwamba inauma hata kama unajua ulichofanya, na alifikiria majina ya walimu aliowahi kuwaandikia tarakimu hiyo, akaondoka nayo ofisini, akazunguka uwanja wa shule jirani mara tatu.

Alama ya Mwalimu Levina haikubadilika. Orodha ya kupanda daraja ilipotoka, jina lake halikuwamo. Asmahani ndiye aliyempigia simu kumwambia, kwa sababu aliona asimwachie mwingine.

"Nilishajua," Mwalimu Levina alisema. Kisha akaongeza: "Wanasoma. Njoo uwasikie, kama uliahidi."

Mwezi wa tisa gari lilipata ratiba ya Choma. Kabla ya safari Revocatus aliwaita wadhibiti wote, akawaambia, bila kumtazama mtu, kwamba kuanzia sasa asiyewasikiliza watoto wakisoma asijaze fomu ya darasa la kwanza wala la pili. Hakusema wazo hilo lilitoka wapi. Ile barua ya kurasa mbili ilikuwa bado inashughulikiwa.

Asmahani alikaa Mwanhegele siku mbili. Walitoa dawati nje, ukutani kwenye kivuli, na watoto wakaja mmoja mmoja na kijitabu. Yeye alisikiliza, Mwalimu Levina aliita majina. Shija alikuja wa kumi na nne, akasoma mistari minne bila kuinua macho, akaondoka mbio. Wengine walisoma kwa kuruka, wengine kwa kuimba. Wapo waliotazama ukurasa mpaka machozi yakawalenga, na Mwalimu aliwarudisha darasani kwa kuwapapasa kichwa. Jioni ya siku ya pili Asmahani alijumlisha.

"Sabini na mmoja wanasoma," alisema. "Arobaini na saba bado."

"Nipe orodha."

Mwalimu Levina aliivuta karatasi, akaipitia kwa kidole. Kidole kikasimama. "Huyu Masanja umemweka wapi?"

"Anasoma. Amesoma ukurasa mzima, tena vizuri."

"Hajasoma. Amekariri, dada yake yuko la pili na kitabu hicho wanacho nyumbani. Ungemfungulia ukurasa mwingine ungeona. Mtoe."

"Mwalimu, hii orodha inakwenda kwenye tathmini yako."

"Ndiyo maana nakwambia mtoe."

Asmahani alikata jina la Masanja upande mmoja, akaliandika upande wa pili, akarekebisha jumla. Sabini, na arobaini na wanane. Mwalimu Levina alihesabu mwenyewe kuhakikisha, kisha akauliza kama kwenye fomu kuna mahali pa kuandika kwamba watoto mia moja na kumi na wanane wanahitaji mwalimu wa pili.

Asmahani alitafuta, kipengele hadi kipengele, mara mbili. Hapakuwapo. Akasimama, akaanza kutembea mbele ya dawati, akifikiria ni wapi atalichomeka ombi hilo.